Kifo cha Sengo Kisimani na Kesi ya Mshona Magodoro

Nchi yetu sitaitaja jina. Majirani huisifu bila kuijua, na ningependa waendelee hivyo hivyo. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye Baba Mlezi mmoja, televisheni moja, na Sheria ya Picha, ambayo watoto huikariri shuleni kabla hawajajua kuzidisha: Kilichoonyeshwa na Televisheni ya Taifa kimetokea; kisichoonyeshwa hakijatokea.

Sheria hiyo ilitungwa kwa hekima. Wakazi wa bonde moja walilalamika kwamba wameona kwenye televisheni daraja lao likizinduliwa, bendi ikipiga na utepe ukikatwa, ilhali wao bado wanavuka mto kwa kuogelea. Serikali iliunda tume. Tume ikaitazama picha upya, ikaliona daraja, na waogeleaji wakashtakiwa kwa kulidharau. Tangu hapo mambo yamenyooka. Mtaani kwetu, kwa mfano, mabomba yalikauka kabla ya mfungo wa mwaka juzi, lakini kila jioni tunayaona yakitiririka. Anayesema hayatoki ni mtu asiye na televisheni.

Kwa kuwa televisheni ni moja, tamthilia nayo ni moja. Inahusu ufalme wa kale ambao haukuwahi kuwako, wenye majoka yanayotema moshi na mfalme anayekaa nyuma ya pazia. Mfalme huyo alikifunga kisima kwa mnyororo na kumweka mlinzi, jitu liitwalo Kumbakumba. Akatokea kijana mwembamba, Sengo, mwenye mkuki mmoja na maneno mengi, akasema atapigana na jitu mbele ya umma ili watu wa bondeni wapate maji. Hakuna aliyetushauri tumpende Sengo. Tulimpenda wenyewe, jambo ambalo si la kawaida katika nchi yetu.

Jioni ya pambano mji mzima ulikuwa uwanjani, mbele ya televisheni kubwa ya serikali. Sengo alirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Akalichoma jitu shavu la mguu, akalichoma paja, akalichoma tumbo, na Kumbakumba likaanguka kama ghala lililoliwa na mchwa. Uwanja ulilipuka. Lakini Sengo, badala ya kumaliza kazi, aligeuka, akainua mkuki, akaanza kuwasalimia watu.

"Malizia kwanza!" tulipiga kelele. "Salamu baadaye!"

"Mwanangu, nyuma yako!" alilia Bi Zaituni, muuza maandazi. "Jamani, mwambieni ageuke!"

Hakugeuka. Mkono wa jitu ulimshika kifundo cha mguu. Yaliyofuata sitayaeleza, maana andiko hili huenda likasomwa na watoto. Nitasema tu kwamba kichwa cha Sengo kilisikika.

Kisha kandambili moja ikaruka, ikapiga kioo, na baada yake zikaja nyingine nyingi. Kinyozi aliyekuwa akimnyoa mteja pembeni ya uwanja aliweka wembe chini na kwenda nyumbani kulala. Mteja yule alitembea na nusu ya nywele mpaka wiki iliyofuata, na watu wakadhani ni alama ya msiba, wakamwiga. Asubuhi maduka hayakufunguliwa. Mtu mmoja aliirudisha televisheni yake kwa fundi.

"Ina ubovu gani?" fundi aliuliza.

"Imeua."

Kijiweni watu waligawanyika. "Hajafa yule," alisema mmoja. "Mimi nilikiona kidole kikicheza."

"Kidole gani, wewe? Kichwa hakipo, unatafuta kidole!"

"Wachawi wa mlimani watamfufua. Wewe huijui tamthilia, uliianzia katikati."

"Sawa, mjuzi. Wewe si ndiye uliyesema atashinda? Njoo hapa, tukuonyeshe kidole."

Kufikia mchana mikeka ilikwishatandikwa. Tuliweka matanga, akina mama ndani, akina baba nje, kama desturi inavyotaka. Shida ni kwamba matanga huanuliwa baada ya maziko, na hapakuwa na maiti wa kuzikwa. Basi tukabaki mikekani siku baada ya siku, hakuna aliyekwenda kazini. Watu wakikaa muda mrefu bila kazi huanza kuzungumza. Walizungumza juu ya Sengo, kutoka kwa Sengo wakaenda kwenye kisima, na kutoka kwenye kisima wakaanza kuyatazama mabomba.

Ndipo akaja Daktari Kiwele, Waziri wa Picha na Utulivu, na gari lenye vipaza sauti.

"Ndugu wafiwa," alisema, "marehemu Sengo ameacha pengo kubwa. Napenda kuwatangazia kwamba wizara yangu imekwishaunda kamati ya kulilinda pengo hilo lisizibwe na watu wasiohusika. Baba Mlezi ameguswa. Amelia. Kulia kwake kutaonyeshwa saa mbili."

Tulipiga makofi. Bi Zaituni akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Lile jitu lilitumwa na nani?"

Mikeka yote ikanyamaza. Kila mtu alijua kwamba jitu lilitumwa na mfalme aliye nyuma ya pazia. Waziri alikunywa maji kutoka kwenye chupa yake, na sote tukaitazama chupa.

"Jitu," alisema, "halikutumwa. Lilitenda kwa matakwa yake binafsi. Na kwa kuwa linaishi katika mtaa huu huu, serikali italikamata leo."

Hapo ikabidi sote tumkumbuke Zuberi Nang'ombe.

Zuberi alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Alikuwa mtu mkubwa kiasi kwamba akipita uchochoroni huondoka na nguo za watu zilizoanikwa, kisha hurudi mlango kwa mlango kuomba radhi na kuzigawa. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya sufi. Televisheni walimchukua kuigiza jitu kwa sababu ya mwili wake, na kila jioni ya tamthilia alijificha jikoni, maana hakupenda kujiona akigombana. Hakuna mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu ambaye Zuberi hakumshonea mto mdogo wa kulalia. Watu waliokuja kumzomea siku ile walikuwa wamelala usingizi mzuri juu ya kazi ya mikono yake.

Askari walimkuta uani, sufi imemjaa ndevuni.

"Zuberi Nang'ombe, unakamatwa kwa kumuua Sengo."

"Sengo?" Zuberi alicheka. "Sengo ni Faraji Mkwela, afande. Yumo ndani anakula."

Ni kweli alikuwa ndani. Faraji, aliyeigiza Sengo, alikuwa rafiki yake, na alipenda mihogo ya nazi ya Mwatumu, mke wa Zuberi. Akatoka na bakuli mkononi.

"Wewe nani?" askari aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeuawa."

Askari alivua kofia. "Pole sana, ndugu," alisema. Kisha akamtia Zuberi pingu. Hazikutosha mkononi, wakamfunga kwa kamba ya magodoro yake mwenyewe.

"Afande!" Mwatumu alimshika askari mkono. "Huyu mtu hajafa! Mguse!"

"Nimemwona, mama. Lakini juzi nilimwona akifa, na siku ile nilikuwa na watu wengi zaidi."

Kesi ilisikilizwa haraka kwa sababu ushahidi ulikuwa umeonwa na wote. Jaji Kingazi, mzee mwenye heshima, aliketi chini ya picha ya Baba Mlezi, na mbele yake jagi la mahakama lisilo na kitu. Shahidi wa utetezi alikuwa mmoja, naye ni marehemu.

"Mheshimiwa Jaji," Faraji alianza, "mimi ni mzima."

"Mahakama inakupokea kwa masikitiko," Jaji alijibu. "Endelea."

"Ile damu ilikuwa juisi ya rozela. Kichwa kilichopondwa kilikuwa tikiti maji lililofunikwa nywele. Zuberi mwenyewe alilia tulipomaliza, akaniuliza mara ngapi sijui kama ameniumiza."

Wakili wa Serikali alisimama taratibu. "Shahidi, ulionyeshwa ukifa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Umewahi kuonyeshwa ukifufuka?"

"Bado. Hawajaandika."

Watu walicheka, na wengine wakalia, kwa kuwa walikuwa wakimpenda sana. Mama mmoja alipita katikati ya askari, akamshika Faraji mashavu, akamwambia, "Kwa nini uligeuka, mwanangu? Kwa nini?" Faraji akamjibu kwa heshima, "Nilielekezwa, mama."

Jaji aliondoa miwani yake. Nilikuwa nimekaa karibu na nilimsikia vizuri, ingawa hakusema kwa ajili yetu. "Ningependa kukuamini, kijana. Lakini nikisema picha ile si kweli, basi kesho nitalazimika kuamini kwamba koo langu limekauka." Kisha akavaa miwani, akatangaza kwamba Zuberi Nang'ombe amepatikana na hatia, atanyongwa, na kunyongwa kwake kutaonyeshwa kwa taifa ili matanga yaanuliwe.

Zuberi alimtafuta mkewe kwa macho, na kwa kuwa ni mtu mrefu alimwona mara moja, lakini Mwatumu ni mfupi, yeye hakumwona.

Jioni ile Mwatumu alikuja kwangu. Sisi wa mtaani tumemzoea kama mtoto wa kila nyumba.

"Baba, wewe umesoma."

Nilimwambia ndiyo, nimesoma.

"Basi nisikilize, unieleze kama nimekosea. Faraji alikufa kwenye picha, na mpaka leo anamaliza mihogo yangu. Kwa nini Zuberi naye asife hivyo hivyo? Wamnyonge kwenye picha. Watu waone, waridhike. Kisha anirudie nyumbani, awe marehemu wangu. Sitamtoa nje. Atashona uani."

Niliichambua hoja ile pande zote, sikuona ufa. Sheria ilikuwa upande wake kuliko ilivyowahi kuwa upande wa mtu yeyote. Kesho yake nilivaa koti langu, nikamsindikiza wizarani.

Daktari Kiwele alitusikiliza mpaka mwisho, akasimama kwa furaha. "Mama," alisema, "laiti raia wote wangeielewa sheria kama wewe! Hakuna shida. Mafundi wa televisheni watamvalisha mkanda wa ngozi chini ya shati, kamba itashika mkanda, shingo itabaki huru. Serikali haina chuki na mumeo. Serikali inahitaji tu afe."

Mwatumu alipiga magoti kumshukuru. Njiani kurudi alikuwa akiongea peke yake, akipanga pazia la uani litawekwa wapi.

Magereza walituruhusu kuingia na Faraji, ili amfundishe Zuberi kufa. Zuberi hakuwahi kufa kwenye tamthilia. Kazi yake siku zote ilikuwa kuua.

"Usikodoe macho mno," Faraji alimwelekeza. "Tikisika kidogo, kisha acha mwili ulegee. Hapana, bwana, umelegea mapema! Utadhani umepumzika."

"Nitacheka, Faraji. Najijua."

"Ukitaka kucheka, nikumbuke mimi na lile tikiti."

"Ndiyo litakalonichekesha hilo!"

Wakacheka wote wawili mpaka askari wa zamu naye akacheka. Mwatumu alimfuta mumewe sufi iliyokuwa bado nyuma ya sikio. Zuberi akamwambia, "Lile godoro la bibi harusi liko nusu. Ianike sufi juani, isilale na unyevu." Mwatumu akamjibu, "Utaianika mwenyewe."

Mkuu wa gereza alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuwa na amri ya mahakama inayosema saa nne asubuhi, na amri ya wizara inayosema wasubiri mafundi wa televisheni. Amri hizo mbili zilielewana vizuri mpaka asubuhi yenyewe ilipofika.

Asubuhi ile Baba Mlezi aliamka na wazo la kuzindua masika. Jukwaa lilijengwa haraka, kamera zote za nchi zikapelekwa huko pamoja na mafundi wao na mikanda yao ya ngozi. Baba Mlezi alitakiwa kubonyeza kitufe, kisha mvua inyeshe. Alikibonyeza. Mvua haikunyesha. Akaanza hotuba ya kuipa mvua muda, na hotuba za namna hiyo hazikatizwi. Uwanjani kwetu tulikuwa tumejaa tangu alfajiri kusubiri kunyongwa kwa jitu, tukawa tunamtazama Baba Mlezi akitazama mawingu.

Gerezani saa nne ikafika. Mkuu wa gereza alisubiri kidogo, akatazama barabarani, hakuona gari. Akaogopa. Amri ya wizara ilikuwa ya mdomo na ile ya mahakama ilikuwa na muhuri. Akamwita mnyongaji, mtu mtulivu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote na ambaye hakujua namna mbili za kuifanya.

Mnyongaji alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kumwona mfungwa jasiri kama yule. Alipanda ngazi akitabasamu. Alipovishwa kamba aliinamisha kichwa kusaidia, akamkonyeza.

Nilitoka uwanjani nikamsindikiza Mwatumu mpaka getini, naye ana khanga mpya ya mumewe kujifunika akitoka. Niliona uso wa askari wa getini kabla hajasema, nikajua. Mwatumu alijua kabla yangu.

"Nipeni mwili wake," alisema.

"Mwili gani, mama?" askari alimwambia kwa upole. "Mumeo hajafa. Haijaonyeshwa."

"Basi nipeni aliye hai."

"Aliye hai ni mfungwa, mama. Mfungwa hatoki."

Mwatumu alifungua mdomo kulia, na askari akainua kidole. "Tafadhali. Kumwombolezea mtu aliye hai ni uchuro, na kuna kifungu chake." Nilikifahamu kifungu hicho. Nikamshika Mwatumu mabega, nikamwomba anyamaze. Alinyamaza. Alinyamaza siku ile na siku zilizofuata, kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwenye afya. Hakuweza kukaa eda kwa kuwa si mjane, wala kupika kwa kuwa hapana mla chakula. Faraji alikuja kila siku, akakaa naye kizingitini. Wapita njia walimsalimia Faraji kwa huzuni, na Mwatumu walimzomea, mke wa jitu.

Sidhani kama serikali ingefanya lolote. Waliomsaidia Mwatumu walikuwa mashabiki, bila kukusudia.

"Tumeibiwa sehemu nzima!" walipiga kelele uwanjani jioni ya siku ile ile. "Tangu alfajiri tunatazama mtu anasubiri mvua!"

"Jitu liko wapi? Tulionyeshwe!"

"Labda wamelificha. Labda linakula vizuri kuliko sisi."

Bi Zaituni akasema, si kwa sauti kubwa, "Basi kama jitu halijafa, tumuulize aliyelituma." Watu wakageuka wakamtazama, na safari hii hawakunyamaza.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Daktari Kiwele alikuwa mtaani. Alihitaji kunyongwa kuonyeshwe, na haraka, lakini aliyenyongwa hawezi kunyongwa tena. Alihitaji mtu wa kuliigiza jitu.

"Mimi," alisema Faraji.

"Wewe ni marehemu," Waziri alisema. "Marehemu hawezi kuajiriwa."

"Nitajitolea."

Waziri alifikiri. "Marehemu anaweza kujitolea," alikubali. "Tunao wengi wapigakura wa namna hiyo."

"Nikifa mimi badala yake, Mwatumu atapewa mwili?"

"Picha ikiisha tu. Serikali haiwezi kukaa na maiti."

Faraji ni mtu mwembamba. Ilibidi ajazwe sufi, nasi tukaichukua ile ya godoro la bibi harusi. Mwatumu mwenyewe ndiye aliyemshonea, akinyamaza, akiongeza kifua, akiongeza mabega. Alipofika begani alisimama, akarudi nyuma hatua chache kutazama, akasema, "Bega la kulia liwe chini kidogo. La kulia lilikuwa chini."

Siku ya tatu tangu Zuberi anyongwe, baada ya alasiri, mji mzima ulikuwa uwanjani kuliko hata siku ya pambano. Walikuja na watoto. Mwatumu alisimama karibu nami, khanga mdomoni.

Picha ikaja. Faraji akatokea ndani ya sufi, akapanda ngazi kwa mwendo wa Zuberi, ule wa mtu anayeogopa kuangusha nguo za watu. Uwanja ukazomea. Mtu mmoja mbele yetu alisema, "Mbona kama siye? Huyu kapungua," na mwenzake akamjibu, "Gerezani nani anenepe?"

Wakamvisha kamba. Mwatumu alinishika mkono.

"Bado, baba?"

"Bado, mwanangu."

Ubao ukafunguka. Faraji alitikisika kidogo, kama alivyofundisha, lakini hakulegea. Nadhani alikuwa akilia kwelikweli, na kilio kilimharibia mchezo. Watu walisimama juu ya viti.

"Bado?"

"Bado kidogo. Vumilia."

Sheria inataka picha ifike mwisho. Nilikuwa nikizitazama herufi zikipanda kioo, jina la mwongozaji, jina la mshona mavazi, jina la Waziri, na vidole vya Mwatumu vilikuwa vinaniingia mkononi. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Sasa, mwanangu," nilimwambia. "Sasa unaweza kulia."

Nilimwona akifungua mdomo. Lakini uwanja mzima ulikuwa unashangilia, na mimi niliyesimama naye bega kwa bega sikumsikia.